Salum Abdallah na Swali la Ngoma ya Nani

Neno "zilipendwa" silipendi. Najua linatamkwa kwa mapenzi, na najua kwamba watangazaji wa redio wamelitumia kwa miaka mingi bila nia mbaya. Lakini hebu tulichunguze. Ni neno la wakati uliopita. Linasema kwamba nyimbo hizi zilipata wapenzi wao, wapenzi wakazeeka, na sisi tunaozisikia leo tunahudhuria arobaini yao. Wimbo ukishapewa jina hilo hauulizwi tena swali lolote. Hatuulizi unasema nini, umetungwa vipi, wala kama mtunzi alikuwa na haki ya kusema alichosema. Tunatikisa kichwa, tunasema "enzi hizo bwana", basi.

Mtu aliyedhulumiwa zaidi na heshima ya namna hii, kwa maoni yangu, ni Salum Abdallah wa Morogoro. Kila mpenzi wa muziki wa dansi anamtaja, na wachache sana wanamjadili. Katika kurasa hizi nataka kumjadili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Singida, nitamjadili kutoka huku, mahali ambapo nyimbo zake zilifika zikiwa tayari zimesafiri.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi. Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake akiwa mtu wa asili ya Kiarabu. Herufi za mwanzo za majina yake matatu, SAY, ndizo mashabiki walizomwitia. Alikua katika mji ambao tayari ulikuwa na dansi. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Katika santuri zilizokuwa zikipigwa mjini, zilizomteka ni za Kuba. Inasimuliwa kwamba alizipenda kiasi cha kutoroka kwao akitafuta meli ya kumpeleka huko, na safari ikamfikisha Mombasa tu. Mwaka 1948 akaunda kikundi chake Morogoro, akakiita La Paloma, maneno ya Kihispania yenye maana ya njiwa, ambayo pia ni jina la wimbo wa zamani wenye mahadhi ya Kikuba uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier. Mwaka 1952 kikundi kikabadili jina kikawa Cuban Marimba. Kwa jina hilo alirekodi na kutamba mpaka ajali ya gari ilipomuua mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza aliishika na kuiendeleza kwa miaka mingi.

Hayo ndiyo maisha. Ukiyapima kwa miaka ni mafupi, lakini yalivuka mpaka mkubwa. Aliyeanza kuimba chini ya bendera ya Mwingereza alimaliza kuimba chini ya bendera ya Jamhuri ya Muungano.

Sasa, mtu wa Singida ana hisa gani katika jambo hili? Jibu la kwanza ni reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na kufikia mwaka 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Njiani inapita Manyoni na Itigi, ambazo leo zimo katika mkoa wetu. Kilichopakiwa Morogoro kiliweza kushushwa Manyoni bila kubadili behewa, na miongoni mwa vilivyoshushwa ni santuri. Mjomba wangu, aliyekuwa kibarua wa reli, alileta gramafoni ya kuzungusha kwa mkono kijijini kwetu, akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, na watu wakaja kuitazama kabla ya kuja kuisikiliza. Jibu la pili ni redio. Idhaa ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965, mwaka ule ule aliofariki Salum, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio haikuhitaji reli. Ilivuka mbuga na majabali ya Unyaturu na Unyiramba ikaingia hata kwa watu ambao hawajaliona gari moshi.

Kwa hiyo Salum alikuwa wetu kabla hatujajua Morogoro iko upande gani. Lakini kuwa wetu kwa kusikika ni jambo moja, na kuwa wetu kwa asili ni jambo jingine. Hapo ndipo linapokuja shitaka ambalo kila anayempenda mwimbaji huyu lazima alijibu, nalo ni hili: alikuwa mwigaji. Jina la bendi ni la Kuba, mapigo ni ya Kuba, hata ndoto yake ya ujana ilikuwa kwenda Kuba. Kitu gani hapo ni cha Tanganyika?

Shitaka hili lina uzito, na halikuletwa na watu wadogo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge, na katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba vijana wetu walifundishwa kucheza rumba, chachacha na twisti, ilhali wengi hawakuwahi hata kusikia habari za gombesugu, mangala au lelemama. Alisema kwamba katika makosa yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Salum Abdallah alikuwa hai siku hiyo, akiongoza bendi yenye jina la Kuba na kupiga rumba. Kama maneno yale yalikuwa shoka, shingo yake ilikuwa karibu.

Namheshimu Mwalimu, na katika jambo la msingi nakubaliana naye. Lakini rumba si mfano ulionyooka. Santuri zilizopendwa Afrika kuanzia miaka ya 1930 zilikuwa za mfululizo ulioandikwa herufi GV, na iliyoutangulia mfululizo huo ilikuwa na wimbo "El Manisero" wa bendi ya Don Azpiazu, uliorekodiwa mwaka 1930. Muziki ule ulitoka katika kisiwa ambacho utumwa ulikomeshwa rasmi mwaka 1886 tu, na ngoma zake zilipandwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka pwani za Afrika, Kongo ikiwamo. Vijana wa Léopoldville na wa Morogoro walipozisikia santuri zile, kuna kitu walikitambua. Mwaka 1948, mwaka ule ule Salum alipounda La Paloma, Wendo Kolosoy huko Kongo aliimba "Marie-Louise". Walikuwa watu wawili katika nchi mbili, na kila mmoja alikuwa akipokea kwa njia yake mzigo uliokwisha kuvuka bahari mara mbili.

Najua utetezi huu umekuwa rahisi mno midomoni mwa watu. "Rumba ni yetu, ilirudi nyumbani", tunasema, tukidhani tumemaliza. Hatujamaliza. Kitu kikiondoka kwako miaka mia tatu, kinaporudi si chako tena kwa haki ya damu tu. Inakubidi ukifanyie kazi upya ndipo kiwe chako. Kwa hiyo swali la haki la mhakiki ni hili: Salum aliifanyia kazi gani rumba?

Kazi ya kwanza ilikuwa ya lugha. Kiswahili na Kihispania ni lugha zisizo na undugu wowote wa ukoo, lakini masikioni zinafanana kwa mambo mawili. Zote zina irabu tano, zile zile a, e, i, o, u. Na katika zote mkazo wa neno, aghalabu, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno "mapenzi" na uliweke juu ya mapigo ya vijiti vya Kikuba. Litakaa kama kisu katika ala yake. Jaribu kufanya hivyo kwa Kiingereza, chenye maneno mengi yanayokatika ghafla kwenye konsonanti, utaona sauti inavyojikwaa. Salum hakuwa mwanaisimu, lakini sikio lake lilijua. Wengine walikariri maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa. Yeye, ingawa bendi yake ilichukua jina la kigeni, aliimba Kiswahili kilichonyooka, na wimbo haukupoteza hata tone la utamu. Huo ndio ugunduzi wake, nao ni mkubwa kuliko ala yoyote aliyoiingiza katika bendi.

Kazi ya pili ilikuwa ya kipimo. Santuri za zamani zilizozunguka mara sabini na nane kwa dakika zilibeba kama dakika tatu kila upande. Ndani ya dakika hizo mtunzi alipaswa kuingia, kusema neno lake, kuwapa waitikiaji nafasi, kuliachia gitaa lizungumze, na kutoka. Salum aliutumia ufinyu ule kama mshairi anavyotumia mizani. Hasemi neno asilolihitaji. Sauti yake ni nyepesi, ya kuzungumza zaidi ya kupiga kelele, na wala haishindani na magitaa. Husubiri zamu yake. Anapolalamika kuhusu mapenzi hatoi yowe, anaeleza kama mtu anayemweleza shemeji yake jambo la aibu nyuma ya nyumba. Waimbaji wengi waliomfuata, wakiwa na saa nzima ukumbini na vipaza sauti vikubwa, hawakurithi ustaarabu huo.

Kazi ya tatu imo katika jina la wimbo wake mmoja mashuhuri, "Ngoma Iko Huku". Yatazame maneno hayo matatu tu. Kinachopigwa ni rumba, kwa magitaa, katika bendi inayoitwa Cuban Marimba. Naye anakiita ngoma. Hakusema dansi wala muziki, alisema ngoma, neno linalobeba ala, mchezo, mkusanyiko na sherehe kwa pamoja. Halafu anasema iko huku, haiko Havana, wala haiko Ulaya zilikotengenezewa santuri. Sidhani kama alikuwa akimjibu mtu. Alikuwa akijisifu tu, kama wapiga ngoma wote wanavyojisifu mbele ya washindani wao, na Morogoro ushindani ulikuwepo. Lakini kwa mtu anayeuliza ngoma ni ya nani, jibu limo humo: ni ya anayeipiga na kuwaita watu waje.

Sasa niseme kuhusu "Wanawake wa Tanzania". Nchi ilikuwa haijaitwa Tanzania mpaka mwishoni mwa Oktoba 1964. Kabla ya hapo ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu lisiloimbika. Salum alifariki mwaka 1965. Maana yake ni kwamba wimbo wenye neno hilo ulipata nafasi ya mwaka mmoja hivi tu wa kuimbwa naye. Jina la nchi lilikuwa bado bichi, watu wakiwa bado wanajifunza kulitamka, naye akalitia katika wimbo wa dansi na kuwaimbia wanawake. Hakungoja jina lizoeleke. Nyimbo nyingi za siasa za wakati ule zilitungwa kwa kazi ya siasa na zikafa na kazi hiyo. Huu ulilipa taifa jina la kuchezea, na mpaka leo unachezeka.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kulewa. Katika muziki wa dansi wa miaka ile, wanawake wanaimbwa sana na wanaimba kwa nadra. Ni wapenzi, ni shemeji, ni wana wa nchi, ni wakosaji, ni maua. Jukwaani waliosimama walikuwa karibu wote wanaume. Hilo halikuwa jambo la asili wala la lazima. Mwaka 1928, mwaka aliozaliwa Salum, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Tena Siti alipata kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert mwenyewe. Njia ilikwisha kufunguliwa na mwanamke. Muziki wa dansi ulipokuja, ulirudi nyuma hatua moja, na Salum, pamoja na ubora wake wote, aliimba ndani ya mipaka hiyo. Simlaumu kwa kuwa mtu wa wakati wake. Ila nikisikia sifa kwa wanawake ikitoka katika koo za wanaume watupu, nasikia pia ukimya wa upande wa pili.

Ukimya huo unanirudisha Singida, na hapa ndipo jambo hili linaponiuma. Nyumba iliyokuwa na gramafoni ya mjomba ndiyo iliyokuwa na bibi yangu. Bibi aliimba akipura mtama, aliimba kwenye jando za wajukuu, aliimba usiku akibembeleza watoto, kwa Kinyaturu chenye mafumbo ambayo hata mama yangu alilazimika kuuliza maana yake. Mjomba alipopiga santuri zake, bibi alinyamaza. Hakukasirika. Alinyamaza kama mtu aliyepata mgeni, na mgeni akakaa moja kwa moja. Sisi watoto tulijifunza Kiswahili kwa nyimbo za dansi kabla hatujaingia darasani, na hilo lilitusaidia sana. Lakini nyimbo za bibi sikuzijifunza, na leo hakuna anayezijua.

Je, Salum Abdallah ndiye aliyemnyamazisha bibi? La hasha. Aliyezoa sauti za nchi na kuamua zipi zihifadhiwe hakuwa mwimbaji, alikuwa mwenye mashine ya kurekodia. Santuri zilitengenezwa kwa ajili ya soko, na soko la Kiswahili lilienea kutoka Mombasa mpaka Kongo, wakati soko la Kinyaturu liliishia kwenye majabali yetu. Redio ya taifa ilirekodi bendi, kwaya na ngoma za makabila, na katika hilo ilifanya kazi ya kusifiwa. Lakini mikoa ni mingi, vijiji ni vingi zaidi, na gari la kurekodia haliwezi kusimama mbele ya kila kinu. Kwa hiyo onyo la Mwalimu la mwaka 1962 lilikuwa na ukweli ambao watetezi wa rumba, nikiwamo mimi, hatupendi kuukabili. Hasara ilikuwepo, na ilikuwa katika nyumba zetu. Ninachokataa ni kumtoza hasara hiyo mtu aliyeimba vizuri.

Na kama tulishindwa kuzihifadhi nyimbo za bibi ambazo hazikurekodiwa, tumezihifadhi vipi zile zilizorekodiwa? Hapa hatuna udhuru. Mkusanyo mzuri wa nyimbo za Salum, za miaka ya 1955 hadi 1965, ulitolewa mwaka 2000 na kampuni ya Ujerumani iitwayo Dizim, chini ya jina lile lile la "Ngoma Iko Huku". Namshukuru kila aliyeshiriki, lakini inafikirisha kwamba mpenzi wa Ulaya aliweza kununua santuri yenye maelezo ya kina, wakati sisi huku tulikuwa tukinakili kaseti kutoka kaseti mpaka sauti ikabaki mvumo. Leo katika soko la Singida kijana atakujazia nyimbo mia moja kwenye kadi ya simu kwa bei ya chai na chapati. Salum yumo. Lakini hana jina. Ameandikwa "zilipendwa 14", au ameandikwa Mbaraka.

Kosa hilo la mwisho lina historia yake. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz, alikuja baada ya Salum, akawa maarufu kuliko yeyote wa mji ule, na mwezi Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, karibu na Mombasa. Wote wawili ni wa mji mmoja na walikufa kifo cha namna moja, basi kumbukumbu ya watu imewaunganisha. Lakini ni wasanii tofauti. Mbaraka ni mpiga gitaa mkubwa aliyeimba, na gitaa lake ndilo linalosimulia. Salum ni mwimbaji na mtunzi ambaye ala zote zinamsikiliza. Mbaraka anakupeleka mbali na kukuchelewesha kurudi. Salum anakwambia neno moja, anaondoka, unabaki nalo. Kuwachanganya ni kuwapoteza wote wawili.

Hukumu yangu basi ni hii. Salum Abdallah hakuwa mwigaji, ingawa alianza kwa kuiga, kama wanavyoanza wote. Alichukua mapigo ya ng'ambo akayapa Kiswahili, na Kiswahili kikakaa humo bila kukunjwa. Alijua kipimo. Aliita ngoma kwa jina lake. Upungufu wake ni upungufu wa jukwaa alilosimama, jukwaa la wanaume, la mjini, la lugha moja. Mtu anaweza kuyasema yote mawili na bado akampenda.

Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, ushauri wangu ni mdogo. Asianze usiku wa manane akiwa na huzuni ya ujana uliopita. Aanze mchana, kichwa kikiwa kitulivu, na aandike jina la mwimbaji na jina la bendi juu ya kila wimbo anaoupata, ili atakayeupokea kutoka kwake ajue unatoka kwa nani. Halafu kama nyumbani kwake yuko bibi anayeimba akipura nafaka, aizime simu kwanza, amsikilize huyo. Salum anaweza kusubiri, kwani sauti yake imo ndani ya mashine.